Rangi Mbili za Leso na Mashine ya Mitihani

Mwanafunzi wa mtaa wa Shika Adabu akiambiwa achore kivuko cha Likoni kwa rangi mbili tu, huenda akaona ananyimwa. Simu imemzoesha rangi zisizo na hesabu. Lakini leso nyingi zinazoanikwa kwenye kamba za nguo mtaani kwake zina rangi mbili au tatu, na hakuna aitwaye maskini kwa kujifunga leso. Kisutu, leso ya bi harusi, kimetosheka na wekundu, weusi na weupe miaka nenda miaka rudi. Sasa kwa kuwa mtaala wa umilisi umefungua njia ya sanaa na michezo katika sekondari ya juu, shule zinaulizana zitapata wapi kompyuta na printa za rangi. Nionavyo mimi, chombo cha kuanzia kiko tayari katika shule nyingi, nacho ni ile mashine ya kudurufu mitihani.

Mashine hiyo ya Riso ilibuniwa Japani katika miaka ya 1980 kwa kazi za ofisini na shuleni. Huku kwetu hutoa mitihani kwa wino mweusi, kisha hufunikwa kitambaa hadi mitihani mingine. Ulaya na Marekani, wachoraji huisaka mashine hiyohiyo wachapie mabango na vitabu vya picha. Mashine hutoboa vitundu vidogo kwenye karatasi nyembamba, ikaizungushia dramu yenye wino wa rangi moja, na wino ukapenya hadi kwenye karatasi ya kuchapwa. Rangi ya pili inataka dramu ya pili, na karatasi ileile ipite tena. Wino wake hauzibi kabisa kilicho chini, kwa hiyo buluu ikipanda juu ya manjano huzaa kijani. Wino mbili hukupa rangi tatu, ya nne ni weupe wa karatasi. Wino tatu hufikisha nane. Katika picha ya kivuko, kijani cha mikoko ya Mtongwe hakina wino wake, hujitokeza pale tu manjano ya jua na buluu ya bahari vinapopandana. Ajabu ni kwamba kila tabaka huchorwa kwa rangi nyeusi, na lenyewe peke yake halieleweki. Mtoto inambidi aione picha kichwani kabla haijawa karatasini, na sijui zoezi jingine la bei nafuu linalodai fikira kiasi hicho.

Atakayesema printa ya kompyuta hutoa rangi zote kwa mpigo mmoja hajakosea, ila hapo mashine ndiyo inayochanganya, mtoto anasubiri tu. Tena nakala zikifika mamia, kudurufu ni nafuu, maana karatasi moja iliyotobolewa huzihudumia zote. Mwingine atasema rangi za leso aghalabu hukaa ubavu kwa ubavu, hazipandani. Kweli, leso inafundisha kutosheka, kupandanisha kutafundishwa na mashine. Pingamizi zito ni bei ya dramu ya rangi. Shule jirani za Likoni zinaweza kuchangia moja, mradi mashine zao ziwe za muundo mmoja. Usumbufu nao hautakosekana: karatasi ikisogea milimita mbili, ukingo mweupe hubaki pasipotakiwa, na wino usiposubiriwa ukauke hupaka vidole. Mwalimu mkuu naye ataihofia mitihani yake, na ana haki. Basi ratiba ibandikwe ukutani, dramu nyeusi irudishwe wiki mbili kabla.