Cheti Peke Yake Hakivui Samaki

Ndugu wanachama,

Msimu wa karafuu ukisha na fedha zikapatikana, tuna desturi moja njema: twalipa karo za watoto kabla ya kununua mabati. Baadhi ya watoto hao wamechagua vyuo vya bahari na uvuvi, kwani tangu mwaka 2020 Serikali ya Zanzibar imeutangaza uchumi wa buluu kuwa nguzo ya maendeleo. Hatuwalaumu. Lakini karafuu ikichumwa, ikaachwa mbichi guniani bila ya kuanikwa, huvunda. Ujuzi wa kijana nao, akikaa na cheti bila ya kazi, huvunda vivyo hivyo.

Tazameni mambo yalivyo. Kwa kanuni za kimataifa, anayetaka kuwa afisa wa zamu melini lazima awe amefanya kazi baharini muda usiopungua miezi 12 pamoja na masomo yake. Ataipata wapi meli? Leseni za kuvua bahari kuu, inayofika maili 200, hutolewa na Mamlaka yenye makao yake Fumba, Unguja, na meli kubwa zinazozichukua nyingi ni za kigeni. Kijana aambiwa alete uzoefu, na uzoefu haupatikani ila melini. Rai yetu ni kwamba meli ya kigeni isipewe leseni bila ya kupakia vijana wetu wanaojifunza, na miezi yao iandikwe katika kitabu cha baharia. Sharti kama hilo lisiishie karatasini.

Tena, meli si mlango pekee wa riziki. Chuo cha uvuvi hufundisha pia kufuga samaki, kuwakausha, kuwahifadhi kwa barafu na kutunza nyavu. Ndiyo maana Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una vyuo Mbegani na Mikindani huku pwani, na Nyegezi na Kigoma huko kwenye maziwa.

Natutoe mfano wa mbali kabisa na bahari: wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Mtu wa pwani akizisikia hufikiri ng'ombe, ngano na baridi ya mlimani. Lakini chini ya Mlima Hanang pana Ziwa Balangida la chumvi, na katika wilaya hiyo hiyo pana Ziwa Basotu la maji matamu, ambamo watu huvua. Mbulu nayo yapakana na Ziwa Eyasi, ambalo hujaa na kupungua kwa kufuata mvua. Ziwa dogo halisamehe kama bahari: nyavu za matundu madogo zikitumika miaka michache tu, samaki huisha. Mahali kama hapo pahitaji mtu aliyesoma, wa kupima samaki, kuweka hesabu, kuwashauri wanavijiji kuacha kuvua wakati samaki wanapozaliana, na kuwaonyesha namna ya kuchimba mabwawa.

Kinachozuia ni kwamba uvuvi si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya mwaka 2003, nasi tuna yetu ya mwaka 2010. Kila upande hupanga mambo yake, na kijana wa kisiwani hazisikii nafasi za Hanang, wala wa Hanang hazisikii za kisiwani. Twaziomba wizara mbili hizi zikae pamoja, na nafasi za kazi za uvuvi zitangazwe pande zote.

Nanyi wanachama, kabla ya kulipa karo, kiulizeni chuo maswali matatu. Kijana atapanda chombo gani, na kwa miezi mingapi? Ujuzi atakaoupata wafaa maziwani na mabwawani, au melini tu? Waliomaliza mwaka jana wako wapi leo? Chuo chema hakitachukia kuulizwa.

Sisi ni watu wa kungoja. Mkarafuu twaungojea miaka sita, hata minane, kabla ya kuzaa. Lakini katika kungoja huko twaupalilia na kuufukuzia mchwa. Vijana wetu wanaokaa barazani na vyeti mfukoni nani anawapalilia? Tuanze sisi wazazi, kisha tuidai Serikali sehemu yake.

Wasalaam,
Katibu wa Chama