*TAARIFA KWA WANACHAMA: TUWAKUMBUKE WALIOZAMA, TUDAI ORODHA*



Kila tarehe 21 Mei tunakumbuka MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996 na ndugu zetu zaidi ya 800. Ni haki yao. Lakini ziwa letu la Tanganyika nalo lina msiba ambao hatuutaji kabisa kwenye vikao vyetu. Desemba 2014, MV Mutambala, iliyobeba abiria na mizigo, ilizama upande wa Kongo, mkoani Katanga, kwenye upepo mkali. Waliokufa walizidi 100. Viongozi wa mkoa ule walitaja sababu mbili: upepo na kujaza kupita kiasi.

Mtu atasema sisi wa Kibondo ni watu wa milimani, ziwa linatuhusu nini? Linatuhusu. Mazao yetu yakishuka Kigoma, mengine huvuka, na vijana wetu huvuka nayo. Mwaka 2015 MV Liemba iliwatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga hadi Kigoma, na baadaye kambi ya hapa Nduta ikafunguliwa tena kuwapokea. Aliyevuka salama tulimwona kwa macho yetu.

Maoni yetu ni haya. Dhoruba hatuwezi kuizuia. Kujaza chombo ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo aulizwe. Tusimalize kila msiba kwa kusema "ni mapenzi ya Mungu" halafu tukarudi shambani.

La pili ni orodha. MV Bukoba ilipozama, abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina, ndiyo maana hadi leo idadi kamili inabishaniwa. Asiyeandikwa hatafutwi, na familia yake haina pa kudai.

Kwa hiyo tunaomba:
1. Mwanachama yeyote mwenye ndugu anayevuka amhimize asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda.
2. Kila anayepanda aandikwe jina: abiria, baharia na mbeba mizigo.
3. Diwani wetu aulize halmashauri nani anakagua uzito wa mizigo.

Tulijadili kikao kijacho. Mwenyezi Mungu awapumzishe marehemu wote wa maziwa yetu. Amina.

*Katibu wa Tawi, Nduta*