Kodi ya kichwa haijafa

Wenye majumba yanayotazama ziwa hapa Kalemie wana msemo wao, na baadhi ya wasomi wetu wanauitikia: nchi hii inabebwa na wachache. Kampuni na matajiri ndio wanaolipa kodi, wadogo wanakula tu. Mama wa ndagala, kijana anayesukuma baiskeli ya makaa kutoka njia ya Nyunzu, mvuvi wa mtumbwi, wote wanahesabiwa kuwa watu wasiojua kodi.

Ni uongo, tena uongo unaowafaa wanaousema.

Fuata gunia moja la ndagala kavu linalotoka Moba. Kabla halijapanda boti limeshatozwa. Likiteremshwa Kalemie, kuna anayedai takse ya mzigo, kuna wa usafi, kuna wa mazingira, na kuna mwenye silaha ambaye takse yake haina hata jina. Sokoni kuna ushuru wa meza. Gunia likiendelea bara, kamba ya bariyeri inalingoja. Anayevusha mzigo kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ndiye anayeona zaidi. Dikrii namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu kukaa mipakani: forodha, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa (OCC), uhamiaji na usafi. Muulize mfanyabiashara yeyote wa bandarini kama amewahi kumalizana na watu wanne akaachwa aende. Kwa jirani zetu wa Kivu mbili, watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi 798 vya barabarani mwaka 2017.

Najua nitakavyojibiwa: hiyo si kodi, ni usumbufu, feza hizo hazifiki hazinani. Sawa. Lakini mama yule hakwenda kuzitoa sadaka. Amezidai mtu wa leta, amevaa nguo ya leta, mara nyingine na muhuri wa leta mkononi. Kwamba zimepotelea njiani ni deni la serikali, si lake.

Sasa tupige hesabu. Tuseme gunia lile lingempa faida ya franka 10,000, naye njiani ameacha 5,000. Nusu ya faida imekwenda, na ameitoa kabla hajauza hata kopo moja. Ndagala wakioza, harudishiwi. Kampuni, kwa sheria, inatozwa asilimia 30 ya faida, na hiyo ni faida iliyobaki baada ya kutoa mishahara, mafuta, magari na riba ya benki. Kisha jioni mama huyo akinunua sabuni ya dukani, ndani ya bei mna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza Januari 2012. Kampuni ya migodi ina wahasibu wa kuidai irudishwe. Yeye akaidai wapi?

Mambo haya yana ukoo. Tangu 1910 Wabelgiji walimtoza kila mwanamume mzima kodi ya kichwa, na aliyeshindwa alifungwa. Hawakuuliza ana nini. Waliuliza yuko wapi. Uhuru ulipokuja tuliambiwa hayo yamekwisha. Halafu mwaka 2020 ikaja RAM, makato ya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti, zikikatwa juu kwa juu kwenye yuniti. Waziri mwenye simu ya intaneti alilipa dola 7, na mwanafunzi wa Kalemie mwenye simu ya mtumba alilipa dola 7 zilezile. Ilihitaji kelele za nchi nzima ndipo ikafutwa mapema 2022. Hiyo ilikuwa nini kama si kodi ya kichwa?

Mkubwa hatozwi kwa kichwa. Yeye hutozwa kwa makubaliano. Mkataba wa migodi wa Sicomines wa 2008 uliwapa wabia wa Kichina shaba na kobalti pamoja na msamaha wa kodi, ili nasi tujengewe barabara na hospitali. Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, walitangaza kwamba wabia hao wamevuna karibu dola bilioni 10, na miundombinu tuliyopata ni ya dola milioni 822. Jopo lililoongozwa na Kofi Annan lilikuwa limekadiria, mwaka 2013, kwamba mikataba mitano ya migodi ya 2010 hadi 2012 iliipotezea Kongo dola bilioni 1.36, kwa mali kuuzwa chini ya bei. Ni gunia gani la ndagala litakaloziba shimo hilo?

Simkatalii anayesema kwamba migodi ya Lualaba na Haut-Katanga inaingiza sehemu kubwa ya mapato ya hazina. Inaingiza. Lakini wingi wa dola si kipimo cha haki. Kipimo ni kinachobaki mkononi baada ya kulipa.

Jimbo letu la Tanganyika nalo lina kisingizio, na kina ukweli ndani yake. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinayapa majimbo haki ya kubakiza asilimia 40 ya mapato ya taifa kwenye chanzo. Hakijawahi kutekelezwa kama kilivyoandikwa. Kinshasa inabana, na jimbo lililobanwa linawageukia walio karibu na wasio na wakili, ndipo takse mpya zinazaliwa. Ila njaa ya Kinshasa haielezi kwa nini tunaanzia sokoni. Katiba hiyohiyo imeweka mikononi mwa jimbo kodi ya majengo na kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilikaa Tanganyika hadi 2022, na mashirika ya misaada bado yapo, yanapanga nyumba kwa dola. Nyumba haikimbii. Haiwezi kufichwa chini ya turubai la boti usiku.

Basi waheshimiwa wa Bunge la jimbo, tunaomba jambo moja dogo kabla ya kupitisha bajeti ijayo. Chapisheni mistari miwili, ibandikwe bandarini na sokoni: feza zilizokusanywa mwaka huu kutoka meza za soko na mizigo ya boti, na feza zilizokusanywa kutoka nyumba zinazopangishwa kwa dola. Na kila mheshimiwa mwenye nyumba ya kupangisha aandike alicholipa yeye.