Neno kwa Wenye Nyumba na Walimu: Jembe Begani



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu twalikiri kwa midomo, lakini likifika mlangoni twalikimbia. Mungu akitufungulia nafasi ya kutumika, je, twaingia, au twasimama kizingitini tukihesabu hatari mpaka mlango ufungwe tena? Wazee walisema, Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Walisema tena, Haraka haraka haina baraka. Mithali hizi mbili hazipigani. Moja yamwonya mwoga, na ya pili yamwonya asiyefikiri; naye Mkristo hana budi kuzisikia zote mbili.

Tumtazame kwanza Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Alipopata habari ya kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, hakuondoka siku ile ile. Alilia, akafunga, akaomba. Na tangu mwezi wa Kisleu hata mwezi wa Nisani, yapata miezi minne, aliendelea na kazi yake ya kumpa mfalme divai. Je, alikuwa mvivu? La, hasha. Siku mfalme alipomwuliza sababu ya huzuni ya uso wake, Nehemia aliogopa sana, kama alivyokiri mwenyewe. Lakini aliomba moyoni, kwa muda wa pumzi moja tu, kisha akajibu. Nanyi angalieni jinsi alivyojibu. Alijua siku atakazokaa safarini. Alijua nyaraka atakazohitaji kwa maliwali wa njiani. Alimjua hata mtunza msitu wa mfalme, ambaye angempa miti ya malango. Basi miezi ile minne haikupita bure. Yeye aliyemtumaini Mungu ndiye aliyekuwa amefikiri sana, na mlango ulipofunguka alikuwa tayari.

Labda mtu atasema, Huyo ni mtu wa Maandiko, sisi je? Basi tumtazame mtu wa bara letu wenyewe.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1895, na mwaka huo huo akatumwa Toro kuwa mwalimu. Magharibi ya Toro, ukiisha kuteremka bondeni na kuvuka mto Semliki, ipo Mboga, nchi ambayo leo imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kwenda huko. Walipokemea ulevi na desturi ya kuoa wake wengi, mtawala Tabaro na watu wake waliwapinga. Chakula kikawa shida, hata walimu wale wakarudi. Habari hizo hazikumzuia Apolo. Mwaka 1896 alijitoa kwenda mahali pale pale.

Wasimulizi wa maisha yake hutuambia ya kuwa alichukua jembe. Twaomba mlifikiri sana jembe hilo. Kama Apolo angekuwa mwoga, angalisema, Huko watu hunyimwa chakula, basi siendi. Kama angekuwa mtu asiyefikiri, angalikwenda mikono mitupu, kisha akamlaumu Mungu kwa njaa yake. Yeye hakufanya hili wala lile. Alikwenda akimtumaini Mungu, na jembe begani ili alime chakula chake mwenyewe. Kumtumaini Mungu hakumwachishi mtu jembe, wala jembe halimwachishi mtu kusali.

Tena msidhani ya kuwa mambo yalimnyokea mara moja. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa, naye Apolo akashtakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Akapelekwa Toro, akafungwa. Hapo mtu angeweza kusema, Kumbe Mungu hakunituma. Lakini Apolo alisimulia baadaye ya kuwa katika dhiki zake alimwona Kristo akimtia moyo, na alipofunguliwa akarudi Mboga, kwa watu wale wale waliomtesa. Tabaro mwenyewe mwishowe alibatizwa, akaitwa Paulo. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Tangu mwaka 1921, alipokuwa amekwisha kuwa mzee, aliingia msitu wa Ituri kuwahubiri Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Mti alioupanda haukukauka, maana Kanisa la Anglikana la Kongo lahesabu mwanzo wake katika kazi ile ya Mboga.

Sasa twageuka kwenu, baba na mama na walimu. Si kila mmoja aitwa kuvuka Semliki. Mwenye watoto wadogo hakuagizwa kuwaacha njaani, na mume anayejitolea mbele ya watu pasipo kushauriana na mkewe hana ushujaa, bali amtwika mwenzake mzigo asioujua. Lakini mara nyingi mlango wa huduma hauko mbali. U katika kijiji chetu, nasi twapita mbele yake kila siku.

Mlango huo waweza kuwa kikao cha ukoo. Ndugu amefariki, na jamaa wamekusanyika kugawanya mali. Mjane yu kimya kwenye mkeka, na watoto wake nyuma yake. Mmoja asema nyumba ni yake, mwingine asema shamba ni lake. Mzee wa kanisa yumo kikaoni, naye ajua ya kuwa ni dhulma. Akinyamaza, atabaki na jamaa zake kwa amani, na mjane atatoka usiku ule hana pa kulala. Akisema, huenda akachukiwa na nduguze mwaka mzima. Nafasi ya namna hiyo huja mara moja. Kikao kikiisha kuvunjika, maneno mazuri ya Jumapili hayatamrudishia mjane shamba lake. Hapo ndipo imani ya mtu hujulikana.

Nawe mwalimu, mlango wako waweza kuwa dawati lililo tupu. Msichana aliyekuwa akisoma vizuri hajaja siku tatu, na habari zasema baba yake amekwisha kupokea mahari. Usingoje wiki ya pili. Nenda kwa baba yake kwa adabu, ukiwa pamoja na mzee anayemheshimu. Ukiona hakusikii, wajulishe wakubwa wenye amri. Mzee huyo na wakubwa hao ndio jembe lako. Ushujaa hauhitaji makelele, nao hauhitaji kwenda peke yako.

Lakini tutajuaje ya kuwa mlango umefunguliwa na Mungu, wala si na tamaa yetu? Twaona maswali matatu yatatusaidia. Je, yuko mtu anayehitaji msaada huu kweli, au twataka sifa? Je, tumeomba, na kushauriana na wenye hekima? Je, kinachotuzuia ni wajibu mwingine, au ni hofu tu? Kama ni wajibu mwingine, tuutimize kwa moyo mweupe. Kama ni hofu tu, twende nayo hivyo hivyo, kama Nehemia alivyojibu angali akiogopa. Mungu hakuahidi ya kuwa hatutafungwa wala kuchukiwa. Aliahidi kuwa pamoja nasi.

Basi mwezi huu, baada ya sala ya jioni, kila nyumba iulizane: Ni nani karibu yetu anayetungoja? Mtajeni kwa jina, mwombeeni, kisha patana ni nani atakayekwenda, siku gani, na atachukua nini mkononi. Siku ile ikifika, aende.

Bwana azibariki nyumba zenu, na mikono yenu isipungukiwe na kazi njema.