Minnesota: Baada ya kitanda cha hifadhi, safari ndefu ya kupata nyumba

Mji wa Oakdale, wenye wakazi wapatao 28,000, uko mashariki ya Saint Paul katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Ni mji wa nyumba za familia na barabara pana, ambako asiye na gari hubaki nyumbani. Kwa mwanamke anayepigwa na mumewe, hilo pekee laweza kuwa kifungo.

Anayefaulu kutoka si lazima aende mbali. Katika mji jirani wa Maplewood, jengo lililokuwa monasteri ya masista Wabenedikto limekuwa kituo cha shirika la Tubman, lenye jina la Harriet Tubman, aliyewatorosha watumwa katika karne ya 19. Eneo hili lilitangulia mapema katika suala hilo. Shirika la Women's Advocates lilifungua nyumba ya hifadhi mjini Saint Paul mwaka 1974, miongoni mwa za kwanza Marekani, na sheria ya jimbo ya mwaka 1979 ilimruhusu mwanamke kuiomba mahakama imwamuru mume aondoke nyumbani, bila kusubiri kesi ya jinai.

Hata hivyo, kitanda hutatua tatizo la usiku mmoja tu. Yanayofuata humwangukia afisa anayesimamia shauri la mwanamke huyo. Kwanza ni usalama: je, mume anaijua shule ya watoto? Ana bunduki? Kisha huja karatasi, na hapa ndipo siku nyingi hupotea. Wengi hukimbia bila vyeti vya kuzaliwa vya watoto wala pasipoti, pengine kwa kuwa mume amezificha. Bila karatasi hizo ni vigumu kupata kazi, akaunti ya benki au mkataba wa pango. Afisa huandika barua, hupiga simu, hukaa naye kwenye foleni na kumsindikiza mahakamani. Tangu mwaka 2007 jimbo lina mpango uitwao Safe at Home, ambao humpa anwani ya posta inayosimamiwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo, ili mahali anapoishi pasijulikane.

Kwa wahamiaji shauri huwa zito zaidi. Minnesota ina jamii ya Wasomali iliyo kubwa kuliko zote nchini Marekani, na wapo pia Wakenya, Waethiopia na Wakongo. Katika ndoa kama hizo viza huweza kugeuka rungu: ukinishtaki, utarudishwa kwenu. Kitisho hicho mara nyingi si cha kweli. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 humruhusu mke wa raia, au wa mwenye ukaazi wa kudumu, kujiombea ukaazi mwenyewe bila mume kuarifiwa. Mke wa mwenye viza ya kazi au ya masomo hana mlango huo. Hubaki na viza ya U, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa waathirika wanaowasaidia polisi, nayo ina kikomo cha 10,000 kwa mwaka na foleni ya miaka mingi. Afisa mwangalifu hapa humpeleka kwa mwanasheria. Vilevile hutafuta mkalimani wa nje, kwani si haki mtoto wa miaka 10 atafsiri maelezo ya kipigo cha mama yake, na mkalimani wa ukoo mmoja na mume ni hatari.

Yapo yaliyopata nafuu. Tangu Oktoba 2023, Minnesota hutoa leseni ya udereva bila kujali hali ya uhamiaji ya mwombaji. Machi 2025 ilizinduliwa njia ya mabasi ya haraka, Gold Line, inayopita Oakdale kati ya Saint Paul na Woodbury. Kwa asiye na gari, kituo cha basi chaweza kuwa tofauti kati ya kupata kazi na kuikosa.

Fundo lililobaki ni nyumba, pamoja na fedha za kumlipa huyo afisa. Sehemu kubwa ya fedha za huduma hizi hutoka katika mfuko wa shirikisho wa waathirika wa uhalifu, ulioundwa mwaka 1984, ambao haujazwi kwa kodi bali kwa faini za wahalifu. Faini zilipopungua, Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2021, lakini kiwango kilichoruhusiwa kutolewa kilishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 4.4 mwaka 2018 hadi chini ya bilioni 1.4 mwaka 2024. Kuondoa vitanda huonekana na kila mtu, na huleta kelele. Ni rahisi zaidi kuacha nafasi ya afisa aliyeondoka ibaki wazi, na mafaili yake wagawiwe wenzake.