Mgongo wa mkulima ni mali ya Taifa

Katika Kata ya Unyambwa, mkoani Singida, jembe, ndoo ya maji na gunia la alizeti ni mizigo ya kila mwaka, na mgongo ndio unaoibeba. Kwa sababu hiyo maumivu ya kiuno huhesabiwa kuwa jambo la kawaida. Mtu huchuliwa, humeza vidonge, kisha hurudi shambani. Mazoea hayo yana hatari yake.

Kati ya pingili za uti wa mgongo mna diski, mfano wa mito laini. Diski ya kiunoni ikipasuka, kiini chake huweza kutoka na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu yakashuka kutoka makalioni hadi unyayoni. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu baada ya majuma kadhaa bila kupasuliwa, iwapo watapata dawa, mazoezi ya viungo na kuepushwa na mizigo. Lakini mguu kupoteza nguvu, ganzi ya sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, hizo ni ishara za hatari. Mgonjwa wa namna hiyo hana budi kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa kwaweza kumwachia ulemavu wa maisha.

Tiba ipo, wala si ya kufuatwa ng'ambo. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, hufanya upasuaji wa mgongo kwa tundu dogo. Daktari hupitisha mrija katika mkato wa sentimita 2 hivi, akaondoa kipande kinachobana mshipa kwa msaada wa darubini. Misuli haichanwi sana, damu hupotea kidogo, na mgonjwa huruhusiwa mapema.

Hata hivyo, Muhimbili ni karibu kilomita 700 kutoka Singida, na safari huanzia zahanati. Ni wajibu wa watumishi wa afya kuzitambua ishara hizo na kuandika rufaa bila kusita, na wa walimu kuwaelimisha wazazi. Mtumishi wa Serikali hulindwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilikusudiwa kumfikishia mkulima kinga kama hiyo. Isiishie katika majalada.

Kinga nayo ina nafasi yake. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Gunia la lumbesa huzidi kilo 100, nalo sheria imelipiga marufuku. Anayeifumbia macho lumbesa anaruhusu mkulima apunjwe mazao yake na kuvunjwa mgongo wake. Viongozi wa vijiji na maofisa wa vipimo watimize wajibu wao kabla mkulima hajafika kwa daktari.