Udaktari wa Ng'ambo na Mbuzi Elfu Moja

Iko imani moja katika Turkana, nayo imeota mizizi Lodwar kama ilivyoota Kakuma, ya kwamba udaktari wa kweli hupatikana ng'ambo tu, na kwamba kijana aliyesomea karibu na kwao ni nusu ya daktari. Imani hiyo naipinga. Naipinga mbele yako wewe msomaji, uliye bado katika shule ya sekondari, kwa kuwa fedha za kuitimiza zitatakwa kwako, au kwa baba yako, na yamkini kwa ukoo mzima.

Sisemi kwamba kusafiri ni kosa. Zamani kulikuwa lazima. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza 1967. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka elimu hiyo alikwenda Makerere, ambako mafunzo ya uganga yalianza katika miaka ya 1920, au alivuka bahari. Ndege alizoziandaa Tom Mboya kuanzia 1959 zilichukua vijana kwenda Marekani, naye Oginga Odinga akawafungulia wengine njia ya Moscow na nchi za mashariki ya Ulaya. Vijana wale walitoka kwa sababu mlango wa nyumbani ulikuwa haujajengwa. Leo mlango uko Nairobi, uko Eldoret, na upo kwingineko pia. Anayeruka dirishani wakati mlango umewekwa ana wajibu wa kutueleza sababu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari. Chukua mfano wa chuo cha ng'ambo kitozacho ada ya dola 4,000 kwa mwaka, na chakula, kodi ya chumba na mavazi ya baridi viwe dola 3,000. Jumla ni dola 7,000. Kwa miaka sita, 42,000. Dola moja ikibadilishwa kwa shilingi 130, deni ni shilingi 5,460,000. Sasa uza mbuzi. Mbuzi mmoja akipata shilingi 5,000 sokoni, zatakiwa mbuzi 1,092. Hesabu hiyo haina nauli, haina mwaka wa kwanza wa kujifunza lugha ya wenyeji ambao nchi nyingine huudai, wala haina ujira wa wakala. Tena mbuzi hawangoji: ukame ukija mwaka wa tatu, nusu ya ada imekufa malishoni, na mwana yuko mbali hajui aendelee au arudi. Mzazi wa mjini anayelipa kwa mshahara aweza kukopa. Mzazi wa Lokichar atakopa kwa nani?

Wakala hayasemi haya. Yeye huja na picha ya kijana aliyevaa koti jeupe, amesimama katika theluji. (Sijapata kuona theluji ikimtibu mtu.) Wala hasemi yaliyowapata wanafunzi wa siku zetu. Katika 2020 China ilifunga mipaka yake kwa sababu ya Korona, na wanafunzi wa kigeni waliokuwa nje wakakaa makwao muda wa miaka miwili hivi, wakijifunza mwili wa mtu kwa kutazama kioo cha simu. Februari 2022 vita vilipozuka Ukraine, maelfu ya Waafrika, wengi wao wanafunzi wa udaktari, walikimbilia mipakani kwa miguu na kwa magari ya moshi. Aprili 2023 ikawa zamu ya Khartoum, mji uliokuwa na wanafunzi Wakenya wasio wachache, na serikali ikalazimika kuwarudisha nyumbani. Hakuna chuo kinachoweza kukupa dhamana dhidi ya vita. Lakini aliyesoma Eldoret, chuo kikifungwa, hupanda gari la Kitale akafika kwao Lodwar. Aliyesoma mbali hubaki na begi lake katika mpaka wa watu wengine.

Tuseme basi amefika mwisho, shahada mkononi. Je, ni daktari? Bado. Baraza la Madaktari la Kenya humtaka aliyesoma nje afanye mtihani kwanza, na si wote wafaulu. Halafu uko mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini chini ya usimamizi, na nafasi zake hungojwa. Mgomo wa madaktari wa 2024, ulioanza Machi 14 ukadumu siku 56, ulitokana hasa na madaktari hao wa mazoezi: mapatano ya 2017 yaliwawekea shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Utaniambia kwamba shida hiyo humpata na yule wa Nairobi. Ni kweli. Lakini yule hakuuza mbuzi elfu moja ili aifikie.

Nina hoja nyingine iliyo kubwa kwangu kuliko fedha. Turkana ina maradhi yake. Hapa upo uvimbe wa maji uletwao na minyoo ya mbwa, uotao katika ini na mapafu, ambao Turkana imejulikana nao duniani kote hata shirika la AMREF likaanzisha kazi maalumu ya kuupiga vita katika 1983. Upo ugonjwa wa kalaazari, uenezwao na usubi, unaovimbisha wengu la mtoto huku mwili ukikonda. Ipo trakoma ya macho, na nyoka wa jangwani. Daktari hujifunza kwa mikono na macho yake. Asiyegusa tumbo la mgonjwa wa kalaazari kwa miaka sita atalijua kutoka kitabuni tu. Na lugha je? Mama aliyetembea siku mbili hueleza maumivu yake kwa Kiturkana, na mtoto wa kwao angemwelewa kabla hajamaliza sentensi. Ni ajabu kumpeleka mtoto huyo mbali mno na wagonjwa wake ili akafundishwe kuwatibu.

Hapa yupo msomaji mmoja atakayenikatiza, naye ana haki. Ni mwanafunzi wa kambini, katika kambi ya Kakuma iliyoanzishwa 1992, au wa Kalobeyei. Atasema: Mlango wa nyumbani unaousifu mimi nimefunguliwa nusu tu. Mikopo ya serikali ya elimu ya juu ni ya raia. Kibali cha kazi ni kigumu. Nami nchi yangu siwezi kurudi. Kwake hoja yangu hupungua nguvu, wala sioni haya kukiri. Akipata udhamini kamili, na aende. Lakini na yeye afungue macho. Mpango wa WUSC, ambao umewapeleka wakimbizi vyuoni Canada tangu 1978, hufungua mlango wa chuo kikuu, si wa udaktari moja kwa moja: huko shule nyingi za udaktari hazimpokei mtu ila amekwisha kusoma miaka kadhaa ya chuo kikuu kwanza, na msaada wa wenyeji wake kwa kawaida ni wa mwaka wa mwanzo.

Asikie pia habari za vijana wa Sudan Kusini. Katika 1985 na 1986 watoto na vijana wapatao 600 walitolewa katika vita wakapelekwa Cuba kusoma. Baadhi wakawa madaktari kamili. Vita havikuisha, nyumbani hapakurudika, na kundi moja likahamia Canada. Huko shahada za Cuba hazikuwapa ruhusa ya kutibu; watu waliofunzwa kupasua ili kuokoa uhai wakaenda kukata nyama viwandani kwa ajili ya riziki. Baada ya mapatano ya amani ya 2005, Chuo Kikuu cha Calgary na shirika la Samaritan's Purse waliwafundisha upya 15 kati yao, wakaja kumalizia mazoezi katika hospitali za Kenya, ndipo wakaingia Sudan Kusini kuhudumu. Tazama njia ile: kutoka Sudan hadi Cuba, hadi Canada, na mwisho hospitali za Kenya, karibu na walipoanzia, umri wa ujana ukiwa umekwisha pita.

Ninalotaka si kwamba usiende kamwe. Nataka uanze karibu. Mji wa Lodwar una chuo cha mafunzo ya tiba, na diploma ya ofisa wa kliniki huchukua miaka mitatu. Ni hao watibuo wengi wa wagonjwa wa Turkana, ingawa hakuna wakala atembezaye picha zao. Mwenye alama za kutosha aombe Nairobi au Eldoret. Ng'ambo iachwe kwa ubingwa, ukiwa daktari tayari, mwenye leseni, mwenye jambo mahususi unalokwenda kulitafuta.

Na wakala akija kwenu, mkaribishe kivulini, mpe maji. Kisha mwulize jina kamili la chuo, ulipeleke mwenyewe Nairobi kwa Baraza la Madaktari kabla hajauzwa mbuzi hata mmoja. Mwulize ni wangapi aliowapeleka ambao leo wanatibu wagonjwa, na katika hospitali gani. Mwulize lugha ya wagonjwa wa huko. Akisema majibu atayaleta wiki ijayo, mngoje wiki hiyo, na mbuzi wabaki zizini.